Uzito Ukirudi Baada ya Upasuaji

(Hotuba ya kipindi cha afya, iliyotolewa na mmoja wa wauguzi wa ushirika wetu wakati wa maadhimisho. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi na kufupishwa kidogo.)

Watumishi wa Mungu mlioketi hapa mbele, wachungaji wetu na mama wachungaji, wazee, wanakwaya mliotubariki asubuhi hii, na ninyi wapendwa mliopitia Namanga, Busia, Gatuna, Rusumo na Gatumba mkiwa kwenye mabasi usiku kucha, karibuni sana. Nimefurahi kuona bado mna nguvu za kupiga vigelegele.

Kamati ilinipa mada pana, afya ya mwili kwa Mkristo. Nikaomba niibane. Mambo ya sukari na presha tunayasikia kila mwaka na mwakani tutayasikia tena. Leo nataka tuzungumze juu ya ndugu zetu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wakapungua, halafu baada ya miaka kadhaa uzito ukaanza kurudi. Naona watu wanatazamana. Ndiyo, hao hao. Wako katika makanisa yetu, na si wachache kama zamani. Wengine walipasuliwa Nairobi, wengine Dar es Salaam, wengine walikwenda India kwa michango ya ndugu na ya kanisa.

Mnajua inavyokuwa. Mwaka wa kwanza dada anasimama mbele kutoa ushuhuda, ana picha mbili, ya zamani na ya sasa. Tunashangilia, na ni haki tushangilie, maana sukari imeshuka, magoti hayaumi, ngazi anapanda bila kusimama katikati. Mwaka wa nne lile gauni linaanza kubana. Mwaka wa tano anakaa viti vya nyuma karibu na mlango. Mwaka wa sita ukiuliza fulani yuko wapi, unaambiwa siku hizi anafuatilia ibada kwenye simu. Mimi kwa kazi yangu nakutana nao kliniki. Wanafika wamechelewa, na jambo la kwanza wanaloniomba si dawa. Wananiomba nisimwambie mtu yeyote wa kanisani kwamba nimewaona.

Kwa hiyo tuanze na ukweli wenyewe, tukiuelewa tutajua la kufanya.

Upasuaji huu una aina kadhaa, lakini mbili ndizo tunazoziona zaidi. Ya kwanza inaitwa slivu. Daktari anaondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kipande kinachobaki kina umbo kama la ndizi. Ya pili ni baipasi. Hapo anatengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kinachobeba kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha anakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kuna pia puto, ambalo si upasuaji. Linakaa tumboni miezi sita au zaidi kidogo halafu linatolewa. Likitoka, njaa inarudi mapema. Aliyewekewa puto aanze kujiandaa siku ile ile linapoingia.

Sasa watu wengi wanafikiri upasuaji ni kama kung'oa jino. Limetoka, limetoka. Hapana. Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliozidi kuwa ugonjwa sugu, uko kwenye mkeka mmoja na presha na kisukari. Mwenye presha akimeza dawa ikashuka, hatusemi amepona milele. Tunamwambia endelea na kliniki. Aliyepasuliwa naye amepata tiba yenye nguvu sana, pengine yenye nguvu kuliko zote tulizo nazo kwa ugonjwa huo, lakini ugonjwa bado upo ndani ya mwili wake, umelazwa usingizi.

Niwape hesabu moja. Kule Sweden walianza uchunguzi mwaka 1987, wakafuatilia watu zaidi ya 4,000 kwa miaka mingi, karibu nusu yao wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Waliofanyiwa baipasi, baada ya mwaka mmoja hadi miwili, walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 32 ya uzito waliokuwa nao. Baada ya miaka 10, wastani ukawa asilimia 25. Tuliweke kwa lugha ya mizani. Mtu wa kilo 120 anashuka hadi kama kilo 82, kisha anapanda taratibu na kutulia kwenye 90. Kilo nane zimerudi. Huyo ni mtu wa kawaida kabisa katika hesabu ile, hakufanya lolote la ajabu. Na waliopasuliwa, pamoja na kilo zao zilizorudi, walikufa wachache kuliko wale ambao hawakupasuliwa. Jamani, semeni amina hapo, maana kuna mtu amekaa hapa anadhani fedha zake zote zilipotea bure kwa sababu ya kilo nane.

Lakini kuna kurudi kidogo na kuna kurudi kwingi. Chukua mtu aliyekuwa na kilo 130 akafika 85. Amepunguza 45. Akipanda hadi 92 amerudisha saba, ni sehemu ndogo tu, tunamtazama, tunarekebisha mambo madogo. Akifika 112 amerudisha 27 kati ya zile 45, zaidi ya nusu. Hapo tunatafuta sababu, na tunaitafuta haraka kabla presha na sukari hazijarudi nyuma yake. Ndiyo maana ninasema asingoje hadi 112. Akiona kilo tano juu ya uzito wake wa chini kabisa, na zimekaa miezi miwili mitatu, aje. Kilo tano tunazungumza nazo.

Kwa nini unarudi? Kwanza kabisa ni mwili wenyewe. Mwili haujui kwamba ulikwenda kwa daktari kwa hiari yako. Unachojua ni kwamba njaa imeingia nchini. Unapunguza matumizi, ukichoma nguvu kidogo kuliko mtu mwingine mwenye uzito kama wako ambaye hajawahi kuwa mnene. Na homoni za njaa, ambazo mwanzoni zilitulia kabisa, kwa wengi zinaamka tena baada ya miaka miwili au mitatu. Lile tumbo dogo nalo linalegea kidogo, na kwa wa baipasi ile njia ya kutokea inaweza kupanuka. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anashiba kwa vijiko vitano sasa anamaliza sahani ndogo. Haikutokana na ulafi. Mbebeni hilo nyumbani.

Pili ni kula kwa kudonoa. Mtu ananiambia, dada, mimi sili kabisa, ugali hata nusu sahani simalizi. Anasema kweli. Nyama inakwama, ugali unakwama, anaogopa kutapika. Lakini uji unapita. Biskuti iliyochovywa kwenye chai inapita. Krispi zinapita, keki inapita, aisikrimu ndiyo usiseme. Upasuaji unazuia chakula kigumu kwa wingi, hauzuii chakula laini kidogo kidogo kutwa nzima. Tufanye hesabu ya chai peke yake. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Ongeza soda moja ya nusu lita, karibu gramu 50 nyingine. Hapo hajala kitu! Na hajadanganya aliposema hali.

Kwa aliyefanyiwa baipasi kuna mtego mwingine. Akinywa kitamu, sukari inapanda haraka, mwili unamwaga insulini nyingi, baada ya saa moja hadi tatu sukari inaanguka. Anatoka jasho, anatetemeka, anahisi kuzimia. Anafanya nini? Anatafuta kitamu kingine. Nimeona watu wazima wanatembea na pipi mkobani kama watoto, hawajui kwamba pipi ya saa nne ndiyo inayoleta mtetemeko wa saa sita.

Halafu kuna sababu ambazo hazihusu sahani hata kidogo. Dawa za aina ya steroidi, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za sonona, kwa baadhi ya wanawake sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo. Ujauzito, kukoma hedhi. Kukosa usingizi, na hapa ninawatazama wanaofanya zamu za usiku na wanaokesha kila Ijumaa kisha Jumamosi saa kumi na mbili wako sokoni. Na msiba. Sitasahau ni wangapi waliorudisha uzito mwaka ule ule waliozika mume au mtoto. Chakula ndicho kilichobaki kuwashika mkono.

Sasa tufike kanisani, maana hapa ndipo nilipoitwa.

Jambo la kwanza ni maneno yetu. Katika ushirika huu tuna neno la kurudi nyuma, na tunajua lina maana gani. Tusilichukue tukalibandika kwenye mizani. Nimesikia mtu akiambiwa kwamba amepoteza muujiza wake kwa kukosa shukrani. Nimesikia dada akiulizwa mbele ya watu, mbona ushuhuda umeharibika? Wapendwa, yule binti wa Yairo, Bwana alipomfufua, jambo lililofuata aliagiza apewe chakula. Muujiza ulikuwa umekamilika, na bado mwili ulihitaji kutunzwa, kuanzia saa ile ile. Hakuna aliyeona kwamba kumpikia ni kuutilia mashaka ule muujiza. Na Elia alipochoka chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena.

Jambo la pili ni meza zetu. Tunapenda kulisha watu, na mimi sitaki tuache. Lakini angalieni chakula cha semina zetu: asubuhi chai ya maziwa yenye sukari tayari ndani na mandazi mawili, saa nne soda na keki, mchana wali, chapati na viazi kwenye sahani moja, nyama vipande viwili vidogo, jioni chai tena. Aliyepasuliwa akiacha chakula, mama wa jikoni anasema, hukupenda pilau yangu? Anakula kwa aibu, anakwenda kutapika nyuma ya choo. Mama zangu wa jikoni, ninawapenda, mnaamka saa tisa usiku kwa ajili yetu. Ninaomba vitu vidogo tu. Sukari iwekwe pembeni kila mtu ajitilie. Pawe na mayai ya kuchemsha. Maharage yaongezwe, na ndugu zetu wa Burundi wakileta ndagala, wa Kisumu omena, ziwe mezani, si za wapishi peke yao. Mtu akisema imetosha, imetosha.

Jambo la tatu ni kufunga, na hapa nitakaa.

Makanisa yetu mengi yanaanza mwaka kwa siku 21, mengine 40. Kufunga ni uhai wetu, sitasema vinginevyo kwenye madhabahu hii. Lakini mwili uliopasuliwa si mwili ule wa zamani. Miezi 12 hadi 18 ya kwanza madaktari wengi hawaruhusu kufunga chakula kabisa, kwa sababu mtu bado anapungua haraka na akiba yake ni ndogo. Baada ya hapo, kila mtu na daktari wake. Na kufunga kukavu, bila maji siku mbili tatu, kwa mtu huyu sikuungi mkono wakati wowote. Hawezi kunywa lita moja kwa mkupuo jioni kufidia kama wewe unavyofidia. Maji yake anayanywa kidogo kidogo kutwa nzima, akiyakosa kutwa nzima jioni hayatamwingia. Figo zinaumia, mawe yanajitengeneza kwenye nyongo.

Kuna wale wanaofunga huku moyoni wanataka mizani ishuke. Tuambiane ukweli, wapo. Mmoja alipungua kilo tisa ndani ya siku 21, miezi mitatu baadaye alikuwa amerudisha 12. Sehemu kubwa ya alichopoteza ilikuwa maji na misuli, na misuli ndiyo inayochoma nguvu mwilini. Akafungua kwa uji na juisi, vile laini vinavyopita. Mfungo wa Danieli, wa vyakula vya mimea, unaweza kufaa zaidi, mradi maharage, choroko, njugu na karanga visikosekane, na avile kwanza kabla ya viazi. Wengine wanafunga simu, wanafunga televisheni, wanafunga sukari. Mchungaji akimwambia mtu kama huyo kwamba mfungo wake umekubalika, atakuwa amemwokoa na aibu ya kuonekana hana imani.

Na hili ninawaomba wachungaji na watu wa huduma ya maombezi mliandike. Mtu aliyepasuliwa tumbo, awe wa juzi au wa miaka mingi, akitapika wiki mbili au tatu mfululizo, au akikaa bila kula muda mrefu, anaweza kuishiwa vitamini B1, ile inayoitwa thiamini. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, anaanza kuyumba akitembea, macho yanacheza au anaona vitu viwili viwili, anachanganyikiwa, anasema maneno yasiyoeleweka, hakumbuki. Ninyi mkimwona mtu wa namna hiyo kwenye mkesha, mtafikiri nini? Mnajua mtafikiri nini. Ombeni, lakini ombeni mkiwa ndani ya gari mnakwenda hospitali. Na mkifika, mwambieni daktari au muuguzi wa zamu: huyu alipasuliwa tumbo kupunguza uzito na ametapika siku kadhaa. Atajua kumpa thiamini kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo, kwa maana dripu ya sukari peke yake inaweza kumzidishia. Ni saa chache zinazotenganisha mtu anayerudi nyumbani mzima na mtu atakayebaki amepoteza kumbukumbu maisha yake yote.

Haya, sasa aliyerudisha uzito aanzie wapi?

Aanzie kliniki, siyo kwa mtu anayeuza majani ya chai ya kupunguza tumbo nje ya geti la kanisa. (Mnacheka, lakini wako nje hata sasa hivi, nimewapita.) Arudi kwa daktari aliyempasua kama anafikika, na kama alipasuliwa India, aende kwa daktari bingwa aliye karibu na karatasi zake zote. Apimwe damu, madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D, kalsiamu, sukari, tezi. Vipimo hivi ni vya kila mwaka kwa maisha yote, hata kama uzito haujarudi. Wengi waliacha vidonge vya vitamini mwaka wa pili kwa sababu walijisikia vizuri. Uchovu unaomfanya mtu asitembee, ashindwe hata kwaya, mara nyingi ni damu iliyopungua, na kila mtu anamwona mvivu. Daktari akiona dalili, ataangalia kwa kamera ndani ya tumbo kama kuna kitu kimepanuka au kimefunguka.

Akiwa hapo hapo aseme dawa zote anazotumia. Na magoti yakiuma, aliyefanyiwa baipasi asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Zinatoboa vidonda pale palipoungwa. Panadol kwa kipimo chake ni salama zaidi, na akumbushe kila duka la dawa.

Chakula, arudi kwenye utaratibu wa mwanzo, lakini siyo kwa wazimu. Kuna watu wanajinyima kwa siku tano wakinywa maji ya supu peke yake wakidhani tumbo litasinyaa. Tumbo halisinyai hivyo. Kinachosaidia ni milo mitatu yenye saa zake, na kama lazima, kitu kimoja katikati, basi. Protini iliwe kwanza. Kwa siku tunatafuta gramu 60 hadi 80. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kinafika 20 na zaidi. Kwa hiyo mtu wa kawaida wa kwetu anaweza kufika bila kununua unga wa makopo kutoka ng'ambo. Baada ya protini, mboga: sukuma, mchicha, dodo, sombe isiyoogelea kwenye mafuta ya mawese. Ugali, wali, matoke au fufu vije mwisho, kama nafasi imebaki. Atafune, aweke kijiko chini. Maji asinywe pamoja na chakula, angoje kama nusu saa, kwa sababu maji yanasukuma chakula kipite haraka na njaa inarudi. Na sukari ya vinywaji ndiyo ningeanza nayo mimi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Wiki mbili chai itaonekana kama adhabu. Wiki ya tatu ulimi unazoea.

Kutembea, dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Ni nusu saa kwa siku tano. Lakini kwa mtu huyu kunyanyua vitu ni muhimu sawa na kutembea, ili misuli ibaki. Ndoo ndogo ya maji, kusimama na kuketi kwenye kiti mara kumi, mara tatu kwa siku. Bibi wa miaka 60 anaweza.

Kuna sindano mpya, mmeshaziona kwenye mitandao, za semaglutidi na ndugu zake. Zinafanya kazi, na madaktari wanazitumia pia kwa waliorudisha uzito baada ya upasuaji. Sina ugomvi nazo, na atakayeandikiwa asione aibu. Lakini ajue mambo mawili. Zinapoachwa, uzito unarudi. Katika uchunguzi mmoja mkubwa watu walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo aulize bei ya miaka, siyo ya mwezi. Na za bandia zipo. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa, Uingereza na Marekani zikiwemo. Kama zilipenya huko, sembuse inayovushwa mpakani kwenye mfuko wa nailoni bila barafu. Usinunue kwa mtu wa WhatsApp, hata kama ni mshirika.

Upasuaji wa pili upo, kwa mfano wa slivu kugeuzwa baipasi, hasa kama mtu ana kiungulia kikali. Hatari yake ni kubwa kuliko ule wa kwanza, na daktari mzuri hataukimbilia kabla ya hayo mengine.

Muda wangu unaisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Ombi langu kwa wachungaji wa nchi zote mlioko hapa ni hili. Kila kanisa lichague mtu mmoja, muuguzi au mtu mwenye siri, ambaye waliopasuliwa wanaweza kumpigia simu. Na tunapowaita watoe ushuhuda, tusiwaite mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa saba pia, na kilo zake zilizorudi, aeleze anavyoendelea. Kwenye kundi lile la nyuma kuna mtu anahitaji kumsikia huyo kuliko yule wa picha mbili.

Mchana huu nitakaa kwenye hema dogo la buluu karibu na maegesho, tuko wauguzi watatu, tunazungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda na Kifaransa kidogo. Mizani ipo ndani, pazia lipo, hakuna atakayeona namba yako. Leteni karatasi za hospitali, hata zilizochanika. Na kwa wale mnaosubiri chakula, nimeambiwa leo kuna mayai.

Bwana asifiwe.